Kiwanja cha mita 15 kwa 20: nyumba ya familia ikae wapi, na vyumba vipangwe vipi?

Swali: MwenyeKiwanja

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijamruhusu mchoraji wangu akamilishe ramani, kwa sababu mengi nitakayoyaamua sasa kwenye karatasi sitaweza kuyabadilisha baada ya msingi kumwagwa. Kiwanja chetu kina upana wa mita 15 upande wa barabara na urefu wa mita 20 kwenda ndani, yaani mita za mraba 300. Barabara iko magharibi. Ardhi inateremka taratibu kutoka nyuma kuja barabarani, na tofauti ya kimo kati ya ncha hizo mbili ni sentimita 80. Jirani wa kusini ana nyumba ya ghorofa moja iliyokaribia mno mpaka, na madirisha yake ya juu yanatazama kwetu. Upande wa kaskazini kiwanja bado ni kitupu. Tuko katika eneo la joto karibu na ikweta, upepo mwingi hutoka mashariki, na bomba la umma la maji taka halijafika.

Masharti ya mipango miji yanataka tuache mita 3 mbele, mita 2 nyuma na mita 1.5 kila ubavu, na jengo lisifunike zaidi ya nusu ya kiwanja. Tutakaoishi humo ni mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tunahitaji vyumba vinne vya kulala.

Mchoro wa kwanza nilioletewa unaiweka nyumba ya mita 10 kwa 11 katikati kabisa ya kiwanja. Sebule na chumba cha mama viko mbele vikitazama barabara, na korido moja ndefu inapita katikati hadi nyuma. Unapendeza kuutazama, ila siuamini. Je, kuiweka nyumba katikati ni sahihi? Je, kwa kiwanja kidogo hivi ingekuwa busara kujenga ghorofa badala ya kutandaza kila kitu chini? Na chumba cha mama kiwe upande gani?

Jibu: MchoraRamani

Ndugu MwenyeKiwanja, umefanya vyema kutouamini mchoro huo, na nitaanza na hilo la katikati kwa sababu ndilo linaloharibu viwanja vidogo kuliko jambo jingine lolote. Nyumba ya mita 10 kwa 11 inafunika mita za mraba 110, na zinabaki 190, ambazo ukizitaja hivyo zinasikika kuwa nyingi. Lakini ukiikalisha nyumba katikati, hizo 190 zinakatwakatwa kuwa vipande vinne: vichochoro viwili vya mita 2.5 ubavuni, na vipande viwili vya mita 4.5 mbele na nyuma. Kichochoro cha mita 2.5 ni kipana kupita kiasi kwa mtu kupita, na ni chembamba mno kwa watoto kucheza au kwa familia kuketi jioni. Sogeza nyumba ileile hadi ikaribie mpaka mmoja kwa mita 1.5 unazoruhusiwa, na ubavu wa pili utakuwa na mita 3.5. Eneo lililobaki halijaongezeka hata kidogo, lakini sasa una uwanja.

Mimi ningekwenda mbele zaidi na kuirefusha nyumba: mita 9 kwa upana wa kiwanja na mita 12 kwenda ndani. Iweke mita 1.5 kutoka mpaka wa kusini, na kaskazini utapata ukanda wa mita 4.5 ulionyooka. Acha mita 5 mbele, ambazo zinatosha kuegesha gari, na mita 3 nyuma. Huenda utauliza kwa nini nisikuambie uegemee kaskazini, ambako hakuna jirani wa kukuchungulia. Sababu ni kwamba kiwanja kitupu cha jirani si chako. Siku atakapojenga mita 1.5 kutoka mpaka, mwanga na hewa ulivyokuwa ukivikopa kwake vitaondoka, na utabaki na nyumba iliyobanwa pande zote mbili. Upande wa kusini umekwisha kubanwa; uache huo uwe mgongo wa nyumba, na nafasi yako mwenyewe uiweke kaskazini ambako hakuna atakayekunyang'anya.

Suala la jua linaunga mkono mpango huohuo. Karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Hata hivyo, siku linapoegemea zaidi bado liko nyuzi 66 na nusu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo upenu uliotokeza sentimita 65 unatosha wakati huo kutia kivuli kipande cha ukuta chenye kimo cha mita 1.5. Kuta za kaskazini na kusini, kwa maneno mengine, ni rahisi kuzikinga. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine kabisa. Mwezi Machi na Septemba, ifikapo saa kumi alasiri, jua limeshuka hadi kiasi cha nyuzi 30, na kukikinga kidirisha cha kimo cha mita 1.2 kwa upenu pekee ungehitaji utokeze zaidi ya mita 2. Nyumba iliyolala mashariki hadi magharibi huonyesha jua hilo ubavu wake mfupi tu, na kiwanja chako, kwa bahati, kimelala hivyo hivyo. (Msomaji aliye mbali na ikweta asiinakili hesabu hii: kadiri unavyokwenda kusini jua la mchana huja zaidi na zaidi kutoka kaskazini, na kadiri unavyokwenda kaskazini huja kutoka kusini.)

Kwa hiyo chumba cha mama kisikae mbele. Kitapokea joto la alasiri nzima ukutani na kulirudisha ndani usiku, wakati yeye anatafuta usingizi, na bado kitakuwa karibu na vumbi na kelele za barabara. Upande wa magharibi weka vitu visivyolala: stoo, choo cha wageni, jiko. Kwa kuwa upepo wako hutoka mashariki, jiko likiwa magharibi moshi na harufu vitatoka nje bila kupitia vyumbani, na vyumba vya kulala vikiwa mashariki vitapata upepo kwanza na kupoa mapema jioni. Sebule iwe pembe ya kaskazini-magharibi, ila madirisha yake makubwa yafunguke kaskazini kwenye uwanja, na upande wa barabara uwe na baraza lenye kina badala ya ukuta wa vioo uliochorewa.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kiwanja chenyewe ni mstatili. Mwite mpima ardhi ayafukue mawe ya mipaka, kisha pimeni kutoka kona hadi kona ya mkabala: kwa mita 15 na 20, kila kipimo cha mshazari kinapaswa kuwa mita 25 kamili. Vikitofautiana, ramani yoyote iliyochorwa kwa kudhani kona zimenyooka itamwingiza fundi kwenye ardhi ya mtu au kukunyima sehemu ya ardhi yako. Kwa nyumba ya mita 9 kwa 12, mshazari ni mita 15, na fundi wako anaweza kuuhakiki kwa kamba siku ya kutandika msingi.

Jibu: MhandisiMajengo

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu mahali pa nyumba. Nitajibu swali la ghorofa, ambalo watu wengi huliamua kwa fahari kabla ya kulifanyia hesabu.

Nyumba ya mita 9 kwa 8 yenye ghorofa moja inakupa mita za mraba 144 kwa jumla, huku ikifunika 72 tu za kiwanja. Hiyo ni faida ya kweli, kwani unaokoa mita 36 za ardhi ukilinganisha na nyumba ya 9 kwa 12. Lakini ngazi nayo hula. Tuseme kimo kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3: utahitaji vipandio 17 vya sentimita 17.6, na kila kikanyagio kiwe na upana wa sentimita 27. Vipimo hivi vinatii kanuni inayohusishwa na Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, kwamba vimo viwili pamoja na upana mmoja vikaribie hatua ya mtu, kiasi cha sentimita 60 hadi 64. Hapa jumla ni 62.2. Ngazi ya namna hiyo inayogeuka katikati huchukua takribani mita 2.1 kwa 3.2 katika kila sakafu, na hivyo mita 13 hivi zinaondoka kabla hujapanga kitanda hata kimoja.

Ongeza uzito. Zege lenye nondo lina kilo zipatazo 2,500 kwa mita ya ujazo, na kwa hiyo sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 375 kwa kila mita ya mraba, bila kuhesabu kuta, samani wala watu. Mzigo huo unadai nguzo, boriti na msingi wa aina tofauti na ule unaobeba paa la mabati, na unadai udongo upimwe na mtaalamu badala ya kukadiriwa kwa macho. Halafu mama yako atabaki chini vyovyote iwavyo, pamoja na chumba na bafu lake, na nyinyi pamoja na watoto mtalala juu. Ikiwa anahitaji msaada usiku, ngazi hiyo mtaipanda na kuishuka nyinyi.

Ushauri wangu ni kwamba kwa familia ya watu sita, na kwa masharti yanayokuruhusu kufunika mita 150, nyumba ya chini inatosha. Ikiwa unatamani ghorofa baadaye, amua leo, kwani msingi na nguzo haviongezewi nguvu kwa urahisi jengo likishasimama juu yake. Tenga mahali pa ngazi katika ramani ya sasa, ambapo kwa miaka ya mwanzo panaweza kuwa stoo. Na usikubali nondo ziachwe wazi juu ya paa zikisubiri ghorofa ya siku zijazo: zinapata kutu, na maji hupenya kuzifuata hadi ndani ya nguzo.

MwenyeKiwanja

Nawashukuruni nyote. Suala la kukopa mwanga kwa jirani sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na wazo la ghorofa tumeliweka kando nyumbani bila ubishi mkubwa. Nimemrudia mchoraji na vipimo vya 9 kwa 12 kusini mwa kiwanja. Amekubali, lakini analalamika kwamba vyumba vinne havikai humo bila kubanana, na anataka kuurudisha ushoroba mrefu ili vyumba vyote vifikike. Je, nipunguze chumba kimoja, au niongeze upana na kuupoteza uwanja?

Jibu: BiMpangilio

Usifanye lolote kati ya hayo mawili, kaka. Hebu kwanza tuone nafasi halisi, kwa sababu mita 108 za nje si mita 108 za kuishi. Ukuta wa tofali la sentimita 20 ukipigwa lipu pande zote mbili unakuwa na unene wa kama sentimita 23, na kuta za nje peke yake zinameza karibu mita za mraba 9.5. Kuta za ndani zitachukua nyingine tano na ushei. Unabaki na 93. Toa 32 kwa vyumba vitatu vya kulala, 25 kwa sebule na meza ya chakula, 10 kwa jiko, na 10 nyingine kwa bafu, choo cha wageni na stoo. Zinabaki 16, ambazo zinatosha mapito na kabati za ukutani. Kwa hiyo vyumba vitatu vinakaa kwa raha, na cha nne ndicho kinachosukumana na wenzake. Mchoraji wako hakosei kulalamika, anakosea dawa.

Ushoroba wa upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9 ni mita za mraba 10.8, yaani chumba kizima cha kulala ambacho hakuna anayelala humo, tena hakina dirisha na taa yake huwaka mchana. Sebule ichukue kazi ya mapito kwa upande wa mbele, na vyumba vya kulala vikusanywe mashariki kuzunguka ukumbi mdogo wa mita 1.2 kwa 3 au 4. Hakikisha mlango wa ukumbi huo haukabiliani na mlango mkuu, ili mgeni aliyeketi sebuleni asitazamane na mtu anayetoka kuoga.

Chumba cha mama kitoe nje ya mstatili. Nyuma kabisa, upande wa kaskazini, ongeza bawa lenye mita 3 kwenda kaskazini na mita 5 kwa urefu wa nyumba. Litafika mita 1.5 kutoka mpaka, kama masharti yanavyotaka, na eneo lote lililofunikwa litakuwa mita 123, asilimia 41 ya kiwanja. Nyumba sasa ina umbo la herufi L, na uwanja wako wa mita 4.5 kwa 7 unakumbatiwa na kuta mbili: bawa linaukinga nyuma, na sebule inaufungukia. Chumba cha mama kinapata kuta tatu za nje, hivyo hewa inaingia dirisha moja na kutokea jingine, jambo ambalo chumba chenye dirisha moja hakilipati hata liwe kubwa namna gani. Na anapata mlango wake mwenyewe wa nje. Mtu mzima aliyekuwa na nyumba yake hufurahia kuweza kutoka asubuhi bila kupita katikati ya watu.

Naomba sana vyumba vichorwe vikiwa na samani ndani yake. Kitanda cha mita 1.5 kwa 2 kinahitaji sentimita 60 hadi 70 za kupita kila upande, na kabati lina kina cha sentimita 60, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 3.3 kinafaa ikiwa tu mlango uko kwenye kona na unafungukia ukutani. Mlango huohuo ukiwekwa katikati ya ukuta unaua pande mbili, na dirisha likikaa mahali pasipofaa linaua wa tatu. Jikoni, meza za kazi ziwe na kina cha sentimita 60, na kama ziko pande mbili zinazotazamana, kati yake paachwe mita 1.2 ili watu wawili wapishane. Nimeona ramani nyingi zenye vyumba vilivyopewa majina na vipimo, lakini kitanda kikiingizwa mlango haufunguki.

Bafu la mama lisiwe na kizingiti. Mlango uwe na uwazi halisi wa sentimita 80 hadi 85 baada ya fremu, na ndani paachwe duara tupu la mita 1.5, ambalo ndilo kiti cha magurudumu hulihitaji ili kigeuke. Leo anatembea, lakini kuta za bafu hazipanuliwi kwa urahisi. Vishikio vya ukutani vinaweza kungoja, ila sehemu ya ukuta vitakapofungwa ijengwe imara tangu mwanzo.

Jibu: FundiMabomba

Bawa ni wazo zuri, nami naliunga mkono, lakini hakuna aliyegusa mteremko wa kiwanja, na mteremko ndio utakaoamua mlango wa mama na njia ya maji taka.

Ardhi yenu inashuka sentimita 80 katika mita 20, yaani sentimita 4 kwa kila mita. Chini ya nyumba yenye urefu wa mita 12 tofauti ni sentimita 48. Mkilipandisha jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba, sentimita 30 juu ya ardhi upande wa nyuma, mbele litakuwa sentimita 78 juu, na hapo patahitaji vipandio vinne au vitano. Kwa mtu wa magoti mabovu, au kwa kiti cha magurudumu, njia ya mteremko inapaswa isizidi kupanda kipimo 1 kwa kila 12, kwa hiyo mbele ingehitaji zaidi ya mita 9. Hamna nafasi hiyo. Wengine watawashauri muijenge ndani ya uwanja wa kaskazini, ikipanda kutoka mbele kuelekea bawa. Msikubali kabla ya kuhesabu: njia inayopanda kuelekea kulekule ardhi inakopanda hukimbizana na ardhi, na inahitaji urefu mkubwa zaidi kuliko mnavyodhani. Kwenye mlango wa ubavu wa bawa ungehitaji kama mita 12, na uwanja wote ungegeuka kuwa zege.

Mlango wake uwekwe nyuma, upande wa mashariki. Pale kimo ni sentimita 30 tu, na njia ya mita 3.6 inayolala sambamba na ukuta wa nyuma, ambako ardhi haipandi wala haishuki, inamaliza kazi. Kutoka getini hadi huko atapita uwanjani na katika kichochoro cha mita 1.5 kando ya bawa, kwa mteremko wa asili wa 1 kwa 25, ambao ni mwepesi. Kisakafiwe tu kwa zege lisiloteleza.

Maji ya mvua yatawajia kutoka nyuma. Chimbeni mtaro wa kuyakinga kati ya ukuta wa mpaka na nyumba, kisha muyaongoze kwa mitaro miwili ya ubavuni hadi barabarani. Ule wa kichochoro cha kaskazini ufunikwe ili usimtege mama. Msiyadharau na ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 123 inamwaga lita 2,460. Tangi la kuyavuna likae nyuma, upande wa juu wa kiwanja.

Maji taka nayo yaende mbele, na hapa mteremko ni rafiki yenu. Bomba la milimita 100 kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40. Katika mita 12 linashuka sentimita 30, wakati ardhi yenyewe inashuka 48, kwa hiyo halitazidi kwenda chini na kuwalazimisha kuchimba mashimo marefu. Mabafu yapangwe kwa namna ambayo mabomba yake yanatoka nje upesi na kukutana katika chemba zilizo wazi ubavuni, si chini ya sakafu ya chumba. Karo la maji taka likae mbele karibu na geti, ambako lori la kunyonya linaweza kulifikia. Shimo la kufyonzea maji liwekeni kona ya kaskazini-magharibi: katikati yake pakiwa mita 1.2 kutoka kila mpaka, kutoka hapo hadi pembe ya nyumba kunakuwa na takribani mita 5, wakati likiwekwa mbele ya sebule lingekuwa chini ya mita 4. Ulizeni masharti ya kwenu kuhusu umbali kutoka msingi na mipaka, na iwapo kuna kisima chochote jirani, kwa sababu kanuni nyingi hutaka mita 15 hadi 30 kati ya kisima na shimo kama hilo. Gari liegeshwe upande wa kusini, mbali na shimo. Geti la gari liwe la kuteleza, kwani la kufungukia ndani litakula nafasi ya gari lenyewe.

MwenyeKiwanja

Nimemkabidhi mchoraji maelezo haya yote, na safari hii hakulalamika. Limebaki jambo moja. Ukuta wetu wa kusini sasa utakuwa mita 1.5 kutoka mpaka, chini ya madirisha ya jirani, na upande huo tuna jiko, chumba kimoja cha watoto na chumba chetu cha pembe ya mashariki. Je, niache madirisha upande huo, au niyazibe yote na kutegemea pande nyingine?

Jibu: MchoraRamani

Usiyazibe yote. Chumba chenu cha pembeni kinaweza kuishi kwa dirisha kubwa la mashariki na dogo la kusini la kutolea hewa, lakini jiko na chumba cha watoto vitakufa bila huo ukuta. Kipimo cha chini kinachotumika katika kanuni nyingi za ujenzi ni dirisha lenye kiasi cha sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kwa chumba cha mita za mraba 10, hilo ni dirisha la mita 1 ya mraba, nalo linaweza kuwa la upana wa mita 1.7 na kimo cha sentimita 60, likaanzia mita 1.6 kutoka sakafuni hadi chini ya lenta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha. Aliye juu kwa jirani ataona upenu wenu na kipande cha ukuta, ninyi mtaona anga kidogo, na hewa ya moto iliyopanda darini itapata pa kutokea. Kwa kuwa mwanga wa kichochoro ni hafifu, pakeni rangi nyeupe ukuta wa mpaka upande wenu, na katika chumba cha watoto wekeni pia uwazi wenye vipande vya kuelekeza hewa juu ya mlango, ili upepo unaoingia mashariki upite ukumbini na kutokea huko. Mpe chumba hicho mtoto anayeamka mapema, na meza za kusomea ziwekwe sebuleni upande wa kaskazini.

Mwambie pia mchoraji asilinganishe madirisha hayo na ya jirani. Apime mahali ya jirani yalipo, kisha ya kwenu ayasogeze kando kwa upana wa dirisha moja.